UZI: Cluny, mji mdogo wa Ufaransa ambako kanisa lililowahi kuwa kubwa kuliko yote Ulaya liligeuzwa machimbo ya mawe

Mpita Njia wa Ruvu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Ufaransa ikitajwa humu jukwaani, mazungumzo hukimbilia Paris, mpira na siasa. Leo naomba tuende shamba. Nimesoma sana habari za mji mmoja unaoitwa Cluny, nimeutembea mtaa kwa mtaa, na bado naona watu wanaupita kwenye treni ya kasi bila kujua wameupita.

Cluny upo Burgundy, katika jimbo la Saône-et-Loire, kama kilomita 25 kaskazini-magharibi mwa Mâcon. Wakazi ni kama 5,000 tu. Mto Grosne unapita pembeni yake ukielekea kaskazini kuingia Saône. Ni nchi ya vilima vya mawe ya chokaa: misitu juu, malisho bondeni, na ng'ombe weupe wa Charolais wametapakaa kila upande. Ukivuka vilima kuelekea mashariki unaanza kuona mizabibu ya Mâconnais. Jumamosi asubuhi kuna soko, wakulima wanaleta jibini ya mbuzi na mboga. Ukifika bila kujua chochote utasema ni mji mtulivu wa wakulima wenye nyumba za kale, basi.

Sasa tazama mnara mrefu wenye pembe nane unaosimama katikati ya mji. Unaitwa Mnara wa Maji ya Baraka, kimo chake mita 62. Huo haukuwa mnara mkuu wa kanisa. Ulisimama juu ya mkono mmoja tu wa jengo, mkono wa kusini, na mkono huo ndio karibu wote uliobaki. Kanisa zima lilikuwa na urefu wa mita 187. Kuanzia karne ya 12 hadi kanisa la Mtakatifu Petro la Roma lilipojengwa upya kuanzia karne ya 16, hakuna kanisa la Ukristo wa Magharibi lililolifikia kwa ukubwa.

Tuanze mwanzo. Mwaka 910 Guillaume, mtawala wa Aquitaine, alitoa shamba lake la Cluny kwa wamonaki. Shamba hilo alikuwa amelipata kwa dada yake, Ava. Hati ya zawadi ipo mpaka leo na inasomeka. Inataja makanisa madogo, mizabibu, mashamba, malisho, misitu, maji na vinu vya kusagia. Inataja pia watwana na wajakazi, wametiwa kwenye orodha pamoja na mizabibu na vinu. Naomba hilo lisipite kimyakimya, maana utukufu wote utakaofuata ulianzia kwenye ardhi yenye watu waliohesabiwa kama mali.

Hati ile ilikuwa na jambo la pekee: Guillaume alijivua mamlaka. Aliiweka nyumba chini ya Mtume Petro na Mtume Paulo, akakataza mtu yeyote, awe kabaila, askofu au Papa mwenyewe, asiguse mali yake. Wamonaki wachague wenyewe abate wao, yaani mkuu wa monasteri. Malipo pekee yalikuwa sarafu 10 zinazoitwa solidi kila baada ya miaka 5 kwa ajili ya taa za Roma. Wakati huo makabaila wa Ulaya walikuwa wakigawiana monasteri kama urithi wa ukoo, kwa hiyo uhuru wa namna hii ulikuwa nguvu kubwa. Ndani ya miaka 200 Cluny ikawa na nyumba zaidi ya 1,000 chini yake, kuanzia Hispania hadi Uingereza.

Wengine hueleza ukuu huo kwa utakatifu wa maabate. Mimi naongeza bahati ya umri. Mayeul, Odilon na Hugues waliongoza wakifuatana kwa zaidi ya miaka 140. Odilon peke yake alikaa tangu 994 hadi 1049, na Hugues akapokea hapo hapo mpaka 1109. Wafalme wanakufa, mapapa wanabadilika, abate wa Cluny ni yule yule. Taasisi gani isingekua?

Hugues ndiye aliyeanza kanisa kubwa mwaka 1088. Papa Urban II, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mmonaki wa Cluny, alikuja kubariki altare kuu Oktoba 1095. Mwezi uliofuata akaenda Clermont kutangaza vita vya msalaba. Kanisa zima liliwekwa wakfu mwaka 1130.

Nitaendelea na habari ya kuvunjwa kwake. Kwanza nasikiliza.

---

Katekista wa Lizaboni

Mkuu, asante sana. Sisi wa Songea neno abasia si geni, tumekua na Peramiho. Naomba nikuulize: hawa wa Cluny ni Wabenediktini hawa hawa?

---

Mpita Njia wa Ruvu

Ndiyo ndugu yangu, kanuni ni ile ile ya Mtakatifu Benedikto inayofuatwa Peramiho, Ndanda na Hanga. Tofauti ni uzito waliouweka. Benedikto aligawa siku kati ya sala, kazi za mikono na kusoma. Cluny waliongeza sala mpaka zikameza karibu siku nzima: zaburi, maandamano, misa za kuwaombea wafu. Shamba likabaki kwa wakulima waliokuwa chini yao.

Kuna kitu kingine cha Cluny unachokijua bila kujua. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, watu wanapokwenda makaburini Songea, Moshi, Machakos au Bukavu, siku hiyo chimbuko lake ni abate Odilon. Karibu na mwaka 1000 aliagiza nyumba zote za Cluny ziwaombee wafu wote siku moja, kesho yake baada ya Watakatifu Wote. Desturi ikatoka kwenye nyumba za Cluny, ikaingia Kanisa zima.

---

Katekista wa Lizaboni

Mungu akubariki. Miaka yote naandaa ibada ya siku hiyo na sikuwahi kujua ilitokea bonde gani.

---

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum. Kaka, nimesubiri uitaje Qur'ani lakini hujaitaja. Si Cluny ndiyo iliyotoa tafsiri ya kwanza ya Qur'ani kwa Kilatini?

---

Mpita Njia wa Ruvu

Waalaykum salaam dada. Umenitangulia, na naona wewe unalijua vizuri.

Ndiyo. Abate Pierre, aliyeongoza tangu 1122 hadi 1156, alisafiri Hispania mwaka 1142 kukagua nyumba zake. Huko akawakuta wasomi waliojua Kiarabu, wakitafsiri vitabu vya nyota na hesabu. Akawalipa waiache kazi hiyo kwa muda. Robert wa Ketton, Mwingereza, akapewa Qur'ani, akaimaliza mwaka 1143. Alikuwepo pia Herman wa Carinthia, na Pierre wa Toledo, na Mwislamu mmoja ambaye hati zinamtaja kwa jina la Muhammad tu. Tafsiri hiyo ndiyo Ulaya iliyoitumia kwa karne nyingi, na ilichapwa kwa mashine kule Basel mwaka 1543.

---

Bint Mkunazini

Shukran. Lakini tuseme na lengo lake. Hakuitafsiri kwa mapenzi, aliitafsiri apate kuijibu. Na Robert hakufuata aya kwa aya, alifupisha na kuzungusha maneno. Mimi hili naliona karibu na kwetu. Tafsiri ya mwanzo kamili ya Kiswahili, ya mwaka 1923, ilitoka kwa Kanoni Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana Zanzibar, naye aliifanya kwa ajili ya wahubiri wake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipotoa yake kamili mwaka 1969 ndipo Waislamu wa pwani walipopata ya mwenzao.

---

Mpita Njia wa Ruvu

Hapo sina la kupinga. Pierre mwenyewe aliandika wazi kwamba anataka kuwaendea Waislamu kwa maneno badala ya silaha, lakini vitabu vyake viliandikwa kuupinga Uislamu, na mtu asiseme vinginevyo. Ninachokiheshimu ni kwamba katikati ya enzi ya vita vya msalaba aliona ni aibu kubishana na kitu ambacho hujakisoma.

Kuna kisa kingine cha kale zaidi. Mwaka 972 abate Mayeul alitekwa milimani Alps na Waislamu wa ngome ya Fraxinetum, karibu na pwani ya Provence. Mwandishi Raoul Glaber, aliyeishi Cluny kwa muda, anasimulia kwamba Mayeul alishindwa kula chakula chao. Mmoja wao akanawa mikono, akasafisha ngao yake, akakanda unga juu yake na kumwokea mkate kwa heshima. Mwingine alipokanyaga Biblia ya abate, wenzake walimkemea kwa kuyadharau maneno ya manabii. Glaber alikuwa mmonaki akiwaandikia wamonaki, hakuwa na sababu ya kuwapamba watekaji, na bado aliliandika hilo. Fidia ililipwa, Mayeul akarudi, na muda si mrefu ngome ile ikavunjwa na makabaila wa Provence.

---

Fundi Mwashi Tanga

Wakuu, mimi nina swali la fundi. Mita 187 kwa karne ya 11, bila nondo, bila zege. Paa lilikuwa la nini na lilisimamaje? Na hela zilitoka wapi?

---

Mpita Njia wa Ruvu

Fundi, hili swali lako ndilo tamu kuliko yote, niruhusu nirefushe.

Juu kulikuwa na dari la mawe lililopinda kama handaki, karibu mita 30 kutoka sakafuni. Shida ya dari la namna hiyo unaijua: uzito haushuki wima, unasukuma kuta nje. Mafundi wa Cluny walitumia matao yenye ncha badala ya matao ya nusu duara. Tao lenye ncha hupeleka mzigo chini zaidi na husukuma pembeni kidogo. Umbo hilo lilikuwa limeshazoeleka katika majengo ya Kiislamu, na Cluny ni kati ya mahali pa mwanzo Burgundy kulitumia kwa ukubwa namna ile. Miaka mingi kabla ya makanisa marefu ya Paris na Chartres, tao lile tayari lilikuwa kazini katika bonde la Grosne.

Hata hivyo mwaka 1125 sehemu ya dari la ukumbi mkuu iliporomoka, wakajenga tena. Walikuwa wanajaribu mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyafanya kwa kimo kile.

Mchoro wake una hadithi pia. Wanasimulia kwamba mmonaki mzee aitwaye Gunzo, aliyepooza, aliota Mitume Petro na Paulo pamoja na Stefano wakivuta kamba chini kumwonyesha vipimo. Akapona, akampelekea abate habari. Amini au usiamini ndoto, zile kamba ni za kweli: ndivyo misingi ilivyopimwa, kwa kamba na vigingi.

Pesa sasa. Sehemu kubwa ilitoka Hispania. Mfalme Fernando I wa León na Castilla aliahidi sarafu 1,000 za dhahabu kwa mwaka, na mwanawe Alfonso VI akaifanya 2,000 mwaka 1077. Wao waliipata kutoka kwa watawala wa Kiislamu wa Andalusia, waliokuwa wakitoa kodi ili waachwe kwa amani. Na dhahabu nyingi ya Andalusia ilivuka Sahara kwa misafara ya ngamia kutoka Afrika Magharibi. Kwa hiyo ukiuliza kanisa kubwa la Burgundy lilijengwa kwa jasho la nani, jibu lina wakulima wa Mâconnais, Waislamu wa Toledo na Zaragoza, na wachimbaji wa Bambuk kule Afrika Magharibi. Dhahabu ya Hispania ilipopungua, Pierre alirithi madeni.

---

Fundi Mwashi Tanga

Nimekuelewa vizuri mkuu. Sasa tueleze kilichoiangusha. Vita?

---

Mpita Njia wa Ruvu

Hapana, na hii ndiyo sababu hasa ya mimi kuanzisha uzi.

Madhara ya vita yalikuwepo. Mwaka 1562 Wahuguenot, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, walipora maktaba. Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, nyaraka na vitu vitakatifu vilichomwa. Lakini kuta zilikuwa bado zimesimama. Kilichoziangusha ni mauzo halali. Serikali ya Mapinduzi ilikuwa imezitangaza mali za Kanisa kuwa mali ya taifa, wamonaki wakaondolewa, na mwaka 1798 jengo likauzwa kwa wafanyabiashara wa Mâcon. Hawakulinunua walitumie. Waliona ndani yake mawe yaliyochongwa tayari, madini ya risasi, mbao na vyuma. Wakapitisha barabara katikati ya ukumbi mkuu ili mikokoteni ipite. Sehemu nyingine za jengo wakazilipua kwa baruti. Kazi iliendelea kidogo kidogo mpaka 1823. Kanisa la abate, mfalme na Papa likaondoka kwa mkokoteni, shehena baada ya shehena.

Mawe yalikwenda wapi? Hapo hapo mjini. Kituo cha kuzalisha farasi, kilichoanzishwa kwa amri ya Napoleon mwaka 1806, kilijengwa juu ya sehemu ya uwanja wa kanisa kwa mawe ya abasia. Mengine yameingia katika kuta za nyumba za watu.

Jambo linaloniuma ni kwamba hapakuwa na adui. Palikuwa na hati ya mauzo, mnunuzi, bei, na watu waliohitaji mawe.

---

Mzalendo wa Kisesa

Mkuu, mimi nitapingana nawe kidogo. Umesema mwenyewe hati ya 910 iliwahesabu watu pamoja na vinu. Wajukuu wa watu hao wakichukua mawe wakajengea nyumba zao, kosa liko wapi? Babu zao ndio waliokokota mawe hayo.

---

Mpita Njia wa Ruvu

Hoja nzito, na sitaikwepa. Kama wakulima wangegawiwa mawe yale, ningekaa kimya. Faida ilikwenda kwanza kwa madalali wa Mâcon, kisha kwa dola iliyotaka mabanda ya farasi wa jeshi. Mwananchi wa Cluny alinunua mabaki. Alipoteza na riziki pia, kwa sababu mji mzima uliishi kwa wageni, mahujaji na mahitaji ya abasia.

Ila nakubali jambo moja kabisa: urithi wa Cluny si abasia peke yake. Tembea mitaani utazame madirisha ya ghorofani. Kuna nyumba za wafanyabiashara na mafundi za tangu karne ya 12, duka chini na chumba juu, zenye safu za nguzo ndogo zilizochongwa kwa ustadi ule ule wa kanisa. Nyumba za watu wa kawaida za umri huo ni adimu sana Ulaya, na hapa watu bado wanaishi ndani yake. Mimi nikiambiwa nichague, ningetumia asubuhi nzima mitaani kabla ya kukata tiketi ya abasia.

---

Mama Furaha wa Bukavu

Wandugu, nimefuata tangu mwanzo. Niongeze cha karibu zaidi na wakati wetu. Taizé iko kilomita kama 10 kaskazini mwa Cluny. Ndugu Roger, Mswisi, mwanzilishi wa jumuiya ya sala ya Taizé, alifika pale mwaka 1940 na kuficha wakimbizi, wakiwemo Wayahudi. Vijana wetu wa parokia walikwenda Kigali mwaka 2012 Taizé walipofanya mkutano wa vijana, na wa Kenya watakumbuka ule wa Nairobi mwaka 2008. Nyimbo zile fupi zinazorudiwa-rudiwa zimetoka kwenye kilima kile.

---

Mpita Njia wa Ruvu

Asante mama kwa kuileta Taizé, nilikuwa naihifadhi. Miaka hiyo ya vita Cluny nayo ililipa. Vilima na misitu vilificha wapiganaji wa chinichini, na tarehe 14 Februari 1944 Wajerumani waliuzunguka mji, wakakamata watu wengi na kuwapeleka kwenye kambi. Wengi hawakurudi. Danielle Gouze, aliyekuja kuwa mke wa rais François Mitterrand, aliishi Cluny wakati huo. Baba yake, mwalimu mkuu, alikuwa amefukuzwa kazi na serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, kwa kukataa kuorodhesha Wayahudi wa shule yake.

---

Fundi Mwashi Tanga

Swali la mwisho mkuu: kama limevunjwa, vipimo hivi mnavijuaje?

---

Mpita Njia wa Ruvu

Kwa kazi ya watu wavumilivu. Kuanzia 1928 Mmarekani Kenneth John Conant wa Harvard alichimba pale, akafuata misingi chini ya barabara na bustani, akaendelea mpaka 1950. Alipata mistari ya kuta, vipande vya sanamu, na akachora kanisa upya karatasini. Wengine wamerekebisha vipimo vyake vingi, lakini bila yeye tungekuwa na mnara tu. Upande wa maandishi, Auguste Bernard na Alexandre Bruel walichapa hati za Cluny katika juzuu 6, kati ya 1876 na 1903. Ni zaidi ya hati 5,000: mauzo ya mashamba, zawadi, kesi za mipaka. Wanahistoria wanajua habari za wakulima wa Mâconnais wa mwaka 1000 kuliko za karibu mahali pengine popote Ulaya, kwa sababu ya karatasi zile.

Na ndani ya majengo ya abasia yenyewe kuna chuo cha wahandisi, Arts et Métiers, tangu 1901. Wanafunzi wake walikuwa kati ya watu wa mwanzo Ufaransa kujenga upya jengo la kale kwa kompyuta. Leo mgeni anasimama kwenye uwanja mtupu, anatazama skrini iliyowekwa pale, anaona ukumbi ulivyokuwa mbele yake.

---

Bint Mkunazini

Kaka, mtu akitaka kwenda, aanzie wapi?

---

Mpita Njia wa Ruvu

Treni ya kasi kutoka Paris inasimama Mâcon-Loché, kisha basi mpaka Cluny. Ukipenda baiskeli, njia ya zamani ya reli kutoka Givry imegeuzwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, kilomita 44, tangu 1997, ya kwanza ya aina yake Ufaransa.

Ukifika, ingia kwanza kwenye ghala la unga la karne ya 13. Juu, chini ya paa la mbao, wamepanga vichwa vya nguzo vilivyozunguka altare kuu. Utaona mito minne ya Peponi na sauti za muziki vimechongwa kwenye jiwe kwa wepesi wa ajabu. Kisha nenda kwenye mkono wa kusini uliobaki, utazame juu, ujue kwamba ukumbi mkuu ulianzia hapo ukaenda mbali sana upande wa magharibi. Usichanganye na Jumba la Makumbusho la Cluny lililoko Paris: hilo lilikuwa makazi ya maabate wa Cluny walipokuwa Paris.

Na usiondoke bila kufika Berzé-la-Ville, mwendo mfupi kwa gari kusini-mashariki. Abate Hugues alikuwa na nyumba ya mapumziko pale, na kikanisa chake kina michoro ya ukutani ya mwanzoni mwa karne ya 12. Ilikaa chini ya chokaa mpaka 1887. Mwaka 1947 msomi Mwingereza Joan Evans alikinunua kikanisa na kukikabidhi kwa Akademia ya Mâcon kitunzwe. Michoro ya kanisa kubwa imepotea karibu yote, hivyo ni Berzé tu, kwenye chumba kidogo, unapoweza kuona rangi walizozitumia: buluu nzito nyuma ya Kristo, na nguo za mitume zikishuka kwa mistari myembamba. Ruhusu macho yazoee giza kidogo kabla hujatoka.